Kizimba cha Meneja na Kaimu

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu kaondoka asubuhi. Begi moja, ndevu kanyoa. Gari la ile nyumba ya kuachia pombe lilimfuata mpaka mlangoni — safari hii hawataki aende mwenyewe, maana safari iliyopita alishukia njiani. Atakaa miezi mitatu. Hakulia. Mimi pia sikulia.

Kaniachia panya wawili. Ndiyo, panya! Si wa darini — wa kufugwa, weupe, kichwani kahawia kama wamevaa kofia. Alinunua kwa mwanafunzi mmoja aliyekuwa anahama. Mnene anaitwa Meneja. Mwembamba, Kaimu. Wote madume, angalau hawataongezeka.

Wamo kwenye tundu la ndege. Kuna kengele ndani, ya kasuku.

Kasema niwaangalie, wanapenda kuzungumzishwa. Nikamwambia mimi nashona mapazia kutwa nzima, nikirudi sina la kumwambia hata binadamu.

Jumanne, 4 Machi

Hawanuki kama nilivyodhani. Wananuka kidogo, kama gunia.

Meneja analala. Kaimu anafanya kazi zote — anahamisha chakula, anapanga matambara, anatafuna trei ya plastiki. Kona ya trei imeshakwisha. Leo jioni kapenyeza pua kati ya nondo mbili, akaiacha pale, ananitazama.

Nimewawekea vipande vya pazia walalie. Basi.

Alhamisi, 6 Machi

Siku gani hii!

Naamka, Kaimu hayumo. Tundu limefungwa, kulabu iko mahali pake. Meneja amelala peke yake. Nimetafuta chini ya kabati, ndani ya viatu, kwenye mfuko wa nyuzi. Hakuna.

Mara kelele kutoka chini. Jirani yangu, Mama Pacha. "Mweupe! Panya mweupe! Jamani, hili si jini?" Nikateremka na kandambili mguu mmoja. Mapacha wake wamepanda juu ya meza, wanashangilia. Yeye kashika ufagio. Na Kaimu yuko pembeni, nyuma ya mtungi wa gesi, anajisafisha ndevu — kando ya kisahani cha punje za buluu.

Sumu. Kaiweka kwa ajili ya wale wa mtaroni.

Nikamrukia. Hakung'ata. Alipanda mkono wa gauni mpaka kwapani, akatulia huko. Moyo wake unakwenda kama cherehani.

Mama Pacha: "Kumbe wako? Unafuga *panya*? We mzima kweli?" Nikasema ni wa mdogo wangu. Akashusha ufagio. Hapa hakuna asiyejua habari za mdogo wangu. Kisha akasema, kwa upole hasa, kwamba sumu yake haiondoi, ana watoto. Nitafute pa kuwaweka hao wangu. Ana haki.

Sikwenda kazini. Nimekwenda kwa daktari wa mifugo, kwapa langu likiwa na mtu. Daktari kazoea ng'ombe na mbwa. Alicheka mpaka akavua miwani, halafu akampima kwa makini kabisa. Hajui kama kala. Kampa dawa ya kuzuia damu isivuje, akasema sumu ile haina haraka: nimwangalie pua, fizi, na jinsi anavyotembea. Ndani ya siku chache nitajua.

Na tundu? Akalitazama tu. Kwa panya, anasema, kichwa kikishapita, mwili hauna tatizo. Nafasi kati ya chuma na chuma isifike hata upana wa kidole changu cha mwisho. Vile vitambaa vyangu navyo nivitoe — nyuzi zinazochomoka humviringa mnyama kidole mpaka kikafa. Mshonaji mzima, sikuliwaza hilo.

Usiku huu wanalala ndani ya sufuria langu kubwa kuliko yote, juu wavu wa jiko na tofali.

Jumamosi, 8 Machi

Kaimu yuko hai. Anakula. Pua safi.

Nimezunguka maduka ya wanyama. Yapo mawili tu, na yote yanauza zaidi samaki.

La kwanza: sanduku la kioo. Muuzaji anaapa hakuna panya aliyewahi kutoka humo. Naamini. Nimeingiza kichwa — hewa imesimama. Mkojo wao ukikaa humo siku mbili, mapafu yanaungua. Hilo nalo kasema daktari.

La pili: banda la sungura, zuri, pana, lakini sakafu yote waya. Watasimama juu ya waya maisha yao yote? Nyayo zao ni laini kama ndewe ya sikio. Zitatoka vidonda.

Halafu kuna la ghorofa mbili, la waridi, ngazi za plastiki, gurudumu la plastiki. Muuzaji kalisifia sana. Nikamwambia Meneja atakuwa amekula ghorofa ya juu kufikia Jumatatu. Kauliza Meneja ni mume wangu?

Nimerudi mikono mitupu. Sufuria tena.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya kutembelea. Nyumba yenyewe ni safi, imepakwa rangi ya maziwa. Wanalala sita chumba kimoja. Msimamizi ni mwanamke mrefu, sauti ya chini, funguo kiunoni. Alinipekua mkoba, akaomba radhi, akaendelea kupekua.

Mdogo wangu kanenepa kidogo usoni. Mikono bado inatetemeka, kaikalia. Hakuuliza habari za Mama. Kauliza panya. Nikamwambia kila kitu, na sumu pia. Sikuona sababu ya kuficha.

Akainuka. Akaketi tena. "Dada, wasikae kwenye kitu cha kubana. Tafadhali. Wanagombana, halafu wananyamaza. Wakinyamaza ndiyo mbaya." Akaanza kunieleza: kiwe kirefu kwenda juu, wanapenda kupanda, lakini kuwe na vibao njiani, Meneja mzito, akianguka kutoka juu atavunjika. Mlango uwe mpana. Kona ya giza iwepo, mtu apate kujificha. Aliongea mfululizo, macho yakiwa mezani. Sijamsikia akiongea namna ile tangu ana kibanda chake cha kutengeneza simu.

Wakati wa kuondoka kaniuliza chumba chake kikoje. Nikasema kipo.

Jumatano, 12 Machi

Kaimu mzima kabisa! Leo kaiba kitufe.

Mchana nimetoka kazini nikaenda kwa mchomeleaji wa nyuma ya soko. Anatengeneza vyuma vya madirisha. Kanisikiliza, kashusha ile barakoa yake, kaipandisha tena. "Sasa dada, mimi kazi yangu kuzuia wezi wasiingie. Leo wewe ndiye wa kwanza kuniambia nizuie wenyewe wasitoke."

Tumekaa juu ya madebe tukachora kwa chaki sakafuni. Vyuma vyembamba, vya kusimama, nimempimia kwa kidole changu cha mwisho — alikuja na chake, kinene, nikakikataa. Sakafu ya bati, iwe na ukingo, ichomoke nipate kuosha. Mbao hapana, inanyonya mkojo. Vibao vitatu vya bati vya kupandia, visiwe mstari mmoja. Milango miwili, mkono wangu wote uingie mpaka begani. Kulabu ya springi, kwa nje. Rangi isiyo na madini ya risasi, maana watailamba, na ikauke kabisa kabla hajanipa.

Kauliza kikubwa hivyo cha nini, vinyama viwili? Usawa wa kabati la nguo!

Nikamwambia hawatoki humo. Ndiyo dunia yao.

Aliandika vipimo kwenye kiganja.

Ijumaa, 14 Machi

Mama kapiga simu. Anataka kujua hicho kizimba kitakaa wapi. Sebuleni haiwezekani, kuna cherehani na meza ya kukatia. Jikoni ni uchafu. Chumbani kwangu, hapana, wanakimbizana alfajiri.

Nikamwambia: chumba cha mdogo wangu. Kina dirisha, hakipati jua kali, mlango unafungwa.

"Na mwenzio akirudi alale wapi?"

"Sebuleni kuna kochi."

Nasikia redio yake. Kisha: "Kwa hiyo umeshaamua."

Nimeamua nini? Nimeamua kizimba. Nikamwambia mapazia ya hoteli yananisubiri, tutaongea.

Jumatatu, 17 Machi

Kimefika. Watu wanne, na mchomeleaji akiwaongoza kama wanahamisha piano. Ngazini kilikwama. Mama Pacha alitoka na mapacha, wakasimama kutazama. Kauliza kama nafungua gereza.

Chumbani hakikuingia pamoja na kitanda. Tulijaribu kukisimamisha mlangoni, tukajaribu kukilaza, tukajaribu kona ya dirisha. Mchomeleaji akafuta jasho akasema ama hiki ama kile.

Nikasema toeni kitanda.

Mama Pacha kakiomba hapo hapo — mapacha wake wanalala kitanda kimoja, wanapigana mateke. Nikasema chukua. Azima, nikasema. Wale wanaume wanne wakageuka nacho, wakateremka. Dakika chache tu. Mahali kilipokuwa pana mstatili wa sakafu safi, na soksi.

Nimejaribu kila nafasi kwa kidole. Nimetikisa milango. Hakuna chuma kinachocheza. Rangi haina harufu. Kazi nzuri, sina la kusema.

Nimewatia saa ya magharibi. Kaimu alipanda mpaka juu kabisa, akazunguka kingo zote, kila kona, akarudi chini, akaenda tena. Meneja alisimama katikati ya sakafu. Alisimama hivyo muda mrefu. Nadhani hajawahi kuona upana kama ule. Halafu akaruka — mnene yule! — akaruka wima, miguu yote minne, akageuka hewani.

Nimecheka peke yangu, kwa sauti.

Alhamisi, 20 Machi

Nimewashonea bembea ya kitambaa cha blanketi, kile kisichochomoka nyuzi. Pindo mara mbili. Wanalala humo wote wawili, mmoja juu ya mwingine.

Jioni nakaa nao. Nimeweka kiti pale. Leo nimejikuta namweleza Meneja kuhusu mteja anayetaka pazia la dirisha ambalo bado halijajengwa. Alisikiliza.

Nyumba ni tulivu. Sijafunga mkoba wangu kabatini wiki nzima. Nalala mpaka asubuhi. Sistuki mlango ukigongwa. Naandika hivi kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nafurahi.

Mama hajapiga.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika haraka. Yuko bafuni.

Nilikuwa nafua. Kugongwa — taratibu, kwa kucha. Nikajua kabla sijafungua. Begi lile lile. Shati lisilo lake, kubwa mabegani. Viatu vina tope mpaka kwenye kamba, na njia ya magari yote ni lami.

"Dada."

Nikasogea karibu. Nilitaka kunusa, na alijua nataka kunusa, akasimama wima akaacha ninuse. Sabuni. Jasho. Kitu kingine sikukipata, mikono yangu ilikuwa na harufu ya jiki.

Nikasema mbona leo. Akasema wamempa ruhusa. Nikasema ruhusa ya nini, wiki ya tatu hii. Akasema ana njaa, tutaongea.

Alikwenda moja kwa moja chumbani kwake. Sikumwahi. Nilibaki na nguo iliyolowa mkononi, nikamsikia amesimama. Halafu nikaenda.

Alikuwa anatazama kizimba. Juu, chini. Alijaribu kupitisha kidole kati ya vyuma, hakikuingia. Akavuta kulabu, akaiachia, ikalia *tak*. Meneja na Kaimu walitoa pua nje ya bembea.

"Kizuri," akasema.

"Umesema kisiwe cha kubana."

"Hakibani." Akazunguka upande wa pili, akatafuta, nikaona anatafuta. "Kitanda kiko wapi?"

"Chini. Kwa Mama Pacha. Wameazima."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayeelezwa njia. Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kumwambia. Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, kizimba kikamfunika karibu mwili wote. Akaniuliza kama blanketi lake lipo angalau.

Nikatazama bembea.

Akatazama bembea. Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukacheka sana, na mikono yake haikutetemeka wakati anacheka. Hilo nililiona. Halafu akasema anakwenda kuoga.

Nimempashia chakula. Nimetandika kochi kwa shuka mbili, hakuna zaidi. Viatu vyake nimeviweka barazani. Mkoba wangu — nimeurudisha kabatini, nimegeuza ufunguo. Sikufikiri, mkono wenyewe ulikwenda.

Simu inaita. Iko hapa mezani, inajisukuma kidogo kidogo kwenye kitambaa. Ni namba ya ile nyumba.

Imekatika.

Inaita tena. Bafuni maji yameacha kumwagika.

"Dada —" kupitia mlangoni. "Dada, usipokee kwanza."