Bidon ya Mama Berthe

Butembo, jumamosi tarehe 14 Oktoba 2000

Mpendwa yaya Yolande,

Ujue kwanza kama Mungu aliumba vidole vya batu bote siku moja, mais vya kwangu alivikalia juma muzima, na alipomaliza akaambia bamalaika: basi, sasa gitare inaweza kuja duniani. Sijisifu. Njo vile iko.

Nakusalimia sana, wewe na shemeji na batoto. Munaamka aje huko Kampala? Mugongo ingali inakuuma? Mutoto mudogo ameota meno? Huku tuko bazima. Baba anakohoa kidogo asubuhi lakini sahani yake inarudi tupu. Mama anauliza kama unapata fufu ao banakulisha ndizi tu. Mimi nimenona, na babinti ba soko bananigeuzia shingo, hata bale ba kwaya.

Barua yako ilinifikia mu mikono ya Apollinaire, ule mucuruzi wa vitenge, na hii atakuletea yeye kesho kutwa. Unasema umesikia kama kaseti yangu imeleta fujo, na unataka nikueleze pole pole. Yaya, sitaeleza pole pole. Nimekasirika tangu mwezi wa munane.

Sikiliza. Kaseti iko na nyimbo munane. Tuliirekodi mu chumba ya nyuma ya Ézéchias, ule kijana wa Kisangani mwenye anakopia kaseti ku soko. Tulitundika magodoro ku bukuta, gitare tukaiwashia ku batiri ya gari. Mimi ku gitare na sauti, na ku gitare ya basse Muyisa, mutoto wa Mama Berthe, mwenye ulimufundisha kuandika jina yake ku première primaire, darasa ya kwanza. Kamba ya tatu ilikatika, nikaweka waya ya breki ya kinga ya baba, ile baiskeli yake. Usimuambie, anafikiri ni panya.

Muziki yenyewe ni ile blues ya kaseti ulizonitumia, halafu rock juu yake: inaanza sawa mutu anatembea na mizigo, kisha anaitupa chini na kuanza kugombana. Hakuna mutu alikuwa amepiga vile hapa tangu Kirumba mpaka Beni. Mimi njo wa kwanza, na ningekuwa wa kwanza hata kama tungekuwa elfu.

Na batu ba hapa, yaya, balisema nini? Paulin, mukubwa wa kwaya, mutu mwenye anajua chords tatu na moja anaikosa, alisema gitare yangu inalia sawa mbuzi imefungwa vibaya. Vijana balitaka ndombolo, banauliza, mais tunacheza wapi hapo? Mama mumoja ku soko alinirudishia kaseti, anasema iko na ugonjwa, sauti inapinda. Nikamueleza: mama, ni mimi naipinda, navuta kamba na kidole. Akasema, basi uache kuivuta. Nchi iko mu vita, barabara imejaa mashimo, na batu banaona kitu ya kutengeneza kwanza ni kidole yangu.

Wimbo moja tu njo ilibashinda, ya saba: "Bidon ya Mama Berthe", mu Kinande, luga yetu. Unajua vile Mama Berthe anafanya biashara, ananunua mafuta ya mawese Mangina, anayapandisha huku mu bidon za plastiki. Mu wimbo anafika ku barrière ya askari barabarani, basoda banatafuta feza mu kitenge, mu kikapo, mu nywele, hata mu matambara ya mutoto wa mugongo, habapati kitu. Na feza iko ndani ya bidon, imefungwa mu sashe ya plastiki na uzi, inaogelea mu mafuta. Anabapa hata kikombe moja ya mafuta ya kupikia, kama shukrani ya bupole yabo. Bamama bote ba ile barabara banafanya vile. Kila mutu hapa anajua.

Mama Berthe mwenyewe alisikia, akacheka mpaka akanipiga na ungo. Muyisa alicheka pia, kisha akaniangalia kwa macho ya polisi. Alisema: "Aristote, hii iko ya Kinande, ibaki mu Kinande. Ukiiweka mu luga ingine, mimi na wewe tumeachana." Nikamuambia, weye, nani atatafsiri uzuri namna hii?

Butembo yote iliimba. Mashini ya Ézéchias ilipata joto mpaka anaifunika na kitambaa ya maji sawa mugonjwa. Mu mwezi wa saba tulienda kupiga Beni, kule Mulekera, na batu balipanda juu ya bukuta kutuona. Hata bale balisema mbuzi, balikuwa bananunua, banaificha chini ya koti.

Kisha mwezi wa munane. Mama Berthe anatoka Mangina na bidon kumi. Ku barrière basoda habakutafuta mu kitenge. Habakutafuta mu nywele. Balimuambia afungue bidon, akafungua, bakamwanga mafuta yote mu barabara, moja moja, mpaka sashe ikaanguka. Nabo banaimba wimbo yangu, yaya. Bale basoda banatoka mbali, habajui Kinande hata ya kuomba maji, mais banaimba, na sasa kila mama mwenye anafika banamuita Mama Berthe. Ile siku Mama Berthe mwenyewe alipita mu mafuta yake na viatu mu mukono. Tangu pale bamama saba bamemwangiwa. Mumoja alijibu vibaya, bakamuvunja mukono.

Na batu banageukia nani? Basoda? Hapana. Banageukia mimi. Radio ya paroisse, ile ya kanisa, imekataa kaseti. Batoto ba jirani banatupa mawe ku mulango yetu, mama anatoka kuomba pardon mahali pangu, na mimi niko ndani nafunga kamba za gitare kwa nguvu mpaka zinakatika. Eti wimbo ilibafundisha basoda. Nikasema: basoda banasikia Kinande tangu lini? Njo pale bakaanza kutafuta mutu mwenye alitafsiri.

Bamemupata, njo vile banasema. Ézéchias. Sababu anajua Lingala, juu basoda banakuja kununua kaseti kwake, juu baba yake hapana Munande. Kesho kisha misa, bamama bote na chef de quartier, mukubwa wa mutaa, batakaa mu uwanja, na bakisema ni yeye, atafunga mashini yake na kutoka Butembo. Kutoka na barabara gani, na ile barrière, hakuna mutu anauliza. Muyisa njo anamusemea mabaya kupita bote. Mimi anapita mbele yangu sawa niko nguzo. Hapigi basse tena, anabeba mbao ku dépôt, kule gala.

Kwa hiyo nilitaka kukuomba umuandikie Muyisa. Wewe mwalimu wake, atakusikia. Umuambie basse bila yeye ni ngoma ya kanisa, na hasira ya mama yake isimufanye kuacha ndugu. Nilikaa tangu asubuhi kupanga hii maneno mu kichwa.

Sasa salamu. Baba anakusalimia, mama anakusalimia mara mbili na anakutumia maharagi mu mufuko wa Apollinaire. Paulin na kwaya yake bote banakusalimia, upokee hata kama banaimba vibaya. Mama Berthe anakusalimia sana. Nilimukuta leo ku mutoni, anafua nguo ya batu ya kulipwa, akaniuliza kama yaya Yolande angali na mugongo. Mimi hakuniuliza kitu. Na Ézéchias anakusalimia. Njo yeye alinipa hii karatasi. Alinipa na bic ya kuandikia pia, akasema: "Muandikie yaya yako mambo yangu, labda yeye ataamini."

Yaya, pale njo nilifika nikapasua barua mbili nilianza mbele ya hii.

Kutoka Mulekera nilirudi peke yangu. Muyisa alibaki Beni kumusaidia mama yake kupakia. Nilikuwa juu ya camion, lori ya mbao, na mama mumoja wa Mangina pembeni na bidon zake. Ku barrière baliona gitare, bakasema nishuke nipige. Nikapiga ya saba. Balicheza, yaya. Commandant mwenyewe alicheza na bunduki ku mugongo. Hakuna mutu mu maisha yangu alinipigia mikono namna ile, hakuna mutu alisema mbuzi. Kisha akaniuliza mu Lingala: "Petit, nzembo oyo elobi nini?" Wimbo inasema nini.

Nikamuambia. Mustari kwa mustari, na ile Lingala yangu ya kuokota mu nyimbo. Nilipofika ku bidon nilikosa neno, nikabaonyesha na mukono vile sashe inaogelea. Balicheka mpaka bamoja balikaa chini. Mama wa Mangina hakujua Lingala, alikuwa anapiga mikono pamoja nabo. Soda mumoja tu hakucheka. Alikuwa anaangalia bidon za ule mama.

Usimuandikie Muyisa. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe mugongo mupya.

Wako akupendaye, na mwenye alitafsiri,

Aristote Mathe