Mama Amekubali Kupimwa

Kaka mpendwa,

Sisi wazima. Shangazi bado anakoroma kama jenereta.

Mama ametoa mate polisi yapimwe vinasaba, yalinganishwe na mifupa iliyopatikana machimboni. Unakumbuka alivyokuwa akikataa: "Mwanangu si mifupa!" Juzi alikuja mama wa yule msichana aliyepotea kituo kilekile cha basi alikopotelea mdogo wetu. Akasema, "Dada, naogopa kwenda peke yangu." Mama akavaa viatu.

Mpelelezi akamuuliza, "Wewe ulikuwa nani wa marehemu?"

"Mimi ni mama yake. Na usimwite marehemu."

Waliporudi walikunywa chai, wakasimuliana vituko vya watoto wao, wakacheka mpaka wakalia. Majibu bado. Ila sasa Mama ana mtu wa kungoja naye.

Jitunze, kaka.

Dada yako