Vidonge vya Shangazi

Shoga, mgeni njoo, mwenyeji augue! Shangazi amekuja kututembelea, na leo asubuhi mama ameanguka jikoni.

Nimemkuta sakafuni, amelowa jasho. Nampima presha, iko chini kabisa. Namuuliza amemeza nini, ananijibu kwa sauti ya kufifia, "Wifi amenipa vidonge vyake vya presha. Anasema vyangu mwili umeshavizoea."

Vyake! Juu ya vile ambavyo mama alikwisha kumeza!

Nimemlaza, nimemwinua miguu, baba akatafuta gari, tukamkimbiza hospitali. Wamemtundikia dripu. Sasa anaongea, alhamdulillahi.

Tumerudi kumchukulia nguo, shangazi yuko sebuleni anakunywa chai, kopo la vidonge pembeni. Nikalinyakua. Ndiyo, nililinyakua! Nikamwambia, "Shangazi, dawa si chumvi ya kugawiana."

Akacheka. Shoga, alicheka! "Chuo chenyewe cha famasia hujakimaliza, unanifundisha mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Ulinibeba, shangazi. Na leo nusura unibebeshe jeneza la mama."

Hapo ndipo baba alipoleta yake. Eti nimemvunjia heshima dada yake, nimpigie magoti nimwombe radhi kabla hajalala. Heshima! Yaani ningenyamaza tumzike mama kwa adabu?

Kopo nimemrudishia, maana vidonge ni vyake na anavihitaji.

Radhi siombi.