Reli Uliyoikata, Maganga

Maganga, mtani na mtumwa wangu,

Leo sikuandikii kwa upole. Nina hasira, na nusu ya hasira hii ni yako, ila wewe huwezi tena kuja kuitoa mwenyewe.

Tangu tukuzike hapa Ngombezi, masika moja imepita. Mkeo Zuhura amehamia kwa kaka yake kule Magoma. Ni mzima, ingawa bado anasonga ugali wa watu wawili. Kiwanda cha mkonge kimepata meneja mwingine, wa pili tangu shamba litaifishwe. Na ile treni yetu ndogo ya mfano, ya mezani, waliichukua.

Watu wa ofisi ya shamba walikuja na lori wakasema inakwenda Korogwe kwenye maonyesho ya Saba Saba, wananchi waone mkonge unavyotoka shambani kwa toroli hadi kwenye reli kubwa ya Tanga. Nikafurahi. Nilijua ungefurahi, maana ndiyo sababu tuliyoitengenezea. Miaka miwili ya Jumapili, Maganga! Vipande vya shaba tulivyookota karakana, betri ya lori, mota ya gramafoni iliyokufa. Mimi ndiye fundi umeme wa kiwanda mwenye cheti, wewe ulikuwa mlaza reli wa toroli, lakini pale penye makutano wewe ndiye uliyenifundisha mimi.

Unakumbuka? Reli moja inabeba chanya, ya pili hasi. Njia ya toroli ilipokatiza njia ya treni, chanya ikagusana na hasi, waya ukaungua, nyumba ikanuka. Mimi nikasema tuongeze lehemu, tuunge vizuri. Nikaunga, ukaungua tena. Wewe ukachukua msumeno wa chuma ukakata reli pande zote nne za yale makutano, ukavunja meno ya kitana cha Zuhura ukayachomeka kwenye nafasi ili chuma kisigusane. Kile kipande cha katikati ukakipa waya wake wa chini ya meza hadi kwenye swichi: treni ikipita kinapewa chanya, toroli ikipita kinapewa hasi. "Mzigua," ukaniambia, "siyo kila kitu kinafaa kuungwa." Nikakujibu kwamba Mnyamwezi kazi yake ni kubeba mizigo, umeme uniachie mimi. Zuhura akatutukana sote kwa ajili ya kitana chake.

Basi sikia walichofanya. Fundi wa ofisini aliona meno ya kitana akadhani ni uchafu. Akayang'oa. Akaziba nafasi zote nne kwa lehemu, akapiga msasa, ikang'aa. Siku ya Saba Saba, mbele ya mgeni rasmi, wakawasha, waya ukatoa moshi na treni isisogee hata shibiri moja. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye umati na shati langu la Idi. Afisa wao akashika kipaza sauti akasema, "Mtusamehe. Marehemu aliyeitengeneza hakuwa na elimu ya umeme."

Mimi ni mtani wako. Siku ya kukuzika niliingia kaburini kabla yako, nikalala, nikalalamika kwamba limechimbwa fupi kwa miguu yako ya korongo, na nduguzo wakacheka machozi yakiwatoka. Nina haki ya kukuita mjinga mpaka nami nizikwe. Yule haki hiyo aliipata wapi? Hata matanga yako hakukanyaga.

Nikapita katikati ya watu nikaketi juu ya meza, kandokando ya ile stesheni ndogo uliyoipaka rangi. Nikasema msiba wa Maganga haujaisha, na sitoki hapo mpaka mtani alipwe haki yake. Afisa akaita mgambo. Hapo ndipo yule bibi wa kambi ya manamba, vibarua wa mkonge, yule anayeuza togwa getini, akapaza sauti: "Mwacheni. Huyo ni mtani wa marehemu, mpeni anachotaka." Walidhani nitataka kuku. Nikataka msumeno wa chuma na kitana.

Kitana alikitoa bibi mwenyewe kichwani. Nikakata reli pale pale, mbele ya mgeni rasmi. Nikachomeka meno, nikabadilisha waya ulioungua, nikageuza swichi. Treni ikapita. Nikageuza tena, toroli nayo ikakatiza na mzigo wake wa katani. Watu wakapiga makofi, na afisa naye akapiga makofi, akainama kupokea mkono wa pongezi wa mgeni rasmi. Jioni wakatangaza kwamba wataalamu wa ofisi wamerekebisha kasoro.

Kasoro! Nimekaa na neno hilo wiki mbili, halimezeki. Nimekwenda ofisini mara tatu kudai wakusafishe jina, na mara tatu nimeambiwa afisa yuko kikaoni.

Ila kuna jambo limenikera kuliko hata wao. Yule fundi wao alifanya kile kile nilichofanya mimi. Mimi nilipokosea, ulinirekebisha ukanificha aibu, na kiwandani ukawaambia watu Mzigua ndiye aliyepata akili ya kukata reli. Nikakubali. Utani wetu haukuruhusu sifa, basi nikajificha humo, nikakuacha ufe bila kukusifu.

Treni imerudi, iko kwangu. Kesho nitaisukuma kwa mkokoteni hadi getini pa kiwanda, zamu zikibadilishana, nami nitawaambia wote nani aliikata reli na nani aliiunga mpaka ikaungua, nikianza na jina langu. Nitafanya hivyo kila Saba Saba nikiwa hai.

Lala, Maganga. Leo sikutanii. Ulikuwa unaijua kazi kuliko mimi.

Mtani wako,
Mhando