Breki za Nyuma za Gari la Baba

Jumamosi, 5 Julai

Nimekamua mawese mpaka saa sita. Kisha mota ya presi ikazima, mafuta yameisha, na mjini hakuna. Wafanyakazi wameenda nyumbani. Nimesugua mikono kwa majivu, rangi haijatoka.

Baba amerudi kutoka ziwani na gari limeoshwa. Nimelisikia kabla sijaliona. Nyuma, upande wa kulia, linanguruma. Beringi hiyo. Baba anasema ni barabara. Barabara haijawahi kuingia uani kwetu.

Ameshuka na ndala moja. Anasema nyingine imebebwa na mbwa kule ufukweni. Mbwa wa Rumonge ninaowajua mimi wanaiba ndagala, dagaa wa ziwa letu. Wa kuiba ndala sijamwona.

Wiki ijayo siku kama ya leo tunaondoa matanga ya Mama, Kabonga kwa kaka zake. Deo, mdogo wangu, atashuka kutoka Bujumbura Ijumaa na mke wake na watoto watatu. Baba ameshatangaza kwamba atatuendesha yeye. Mafuta ya safari yapo kwenye dumu, chini ya kitanda chake. Halali vizuri kwa harufu lakini hakubali liwekwe kwingine.

Jumapili, 6 Julai

Misa ya kwanza. Wakati wa kurudi Baba alimpa lifti mama mmoja mzee wa jumuiya yetu, akakaa mbele. Mimi nyuma. Kwenye mteremko wa soko baiskeli yenye madumu ya mawese ilikata mbele yetu. Gari lilisimama, lakini lilisimama vibaya, kitako kikaenda pembeni. Kati yetu na baiskeli haikubaki nafasi ya kupita mbuzi. Mwenye baiskeli alimtukana Baba matusi ambayo mtu mwenye mvi hatakiwi kuyasikia.

Baba akasema breki zimekwisha.

Niliogopa. Bado naogopa, na ni usiku. Watoto wa Deo watakuwa ndani ya gari hilo.

Nimemwambia Baba wiki hii halitoki. Nitafungua nyuma yote, breki na beringi, pande zote mbili. Amekubali haraka kuliko nilivyotegemea. Fundi mwingine haruhusiwi kuligusa. Mimi naruhusiwa kwa sababu amenifundisha mwenyewe, Kigoma, enzi za ukimbizi, alipokuwa na gereji ya mabati matatu na mimi nilikuwa mtoto wake mkubwa na mikono midogo inayoingia kila mahali. Alikuwa na sheria moja kwa mafundi wake wote: aliyefunga breki ndiye anayeendesha kwanza, na watu wake wanapanda. Asiyethubutu kupandisha watu wake, arudie kazi.

Jumatatu, 7 Julai

Asubuhi nimeenda kwa Hamisi, jirani, anauza vipuri mtaa wa Waswahili. Amekuja mwenyewe kusikiliza. Akazungusha gurudumu kwa mkono, akatikisa kichwa.

"Dada Konsola, hii imekufa. Iko inalia mubaya sana. Na ya kushoto itaifuata."

Ana seti zote. Viatu vya breki, garniture kama wanavyosema hapa, beringi nne, sili zake, kopo la grisi. Ameniazima jeki ya pili.

Mchana joto, vumbi. Nimeinua nyuma, nikaweka vigogo vya mchikichi chini. Nati za kulia zimegoma. Nimepanda juu ya spana kwa miguu miwili. Zimetoka.

Ngoma ya breki haikutoka. Nitajaribu kesho.

Jumanne, 8 Julai

Imetoka. Nyundo, kipande cha mbao na maneno ambayo sitayaandika.

Ndani: grisi imekuwa nyeupe kama uji wa muhogo. Maji. Beringi ya ndani imeota kutu, vigololi vimeng'atwa. Sababu naijua. Baba anateremka kutoka milimani na mzigo, breki za moto, anaingiza gari ziwani moja kwa moja mpaka maji yafike katikati ya magurudumu, anaosha. Wote wanaosha hivyo. Chuma cha moto kikiguswa na maji baridi kinavuta maji ndani. Nimemwambia mara nyingi. Jibu lake ni moja: ziwa letu halina chumvi, halili chuma. Wenye magari wote wa pwani hii wanasema hivyo, na Hamisi anawauzia beringi.

Hilo naelewa. Viatu vya breki sielewi. Vimekwisha kabisa, chuma kinakwaruza chuma. Upande wa kushoto vilevile. Nilivifunga mimi, vipya, Mama akiwa hai, ameketi pale kwenye ngazi anachambua maharage. Vya nyuma havifanyi kazi nzito. Vinatakiwa kudumu miaka.

Baba alipita, akatazama, akasema vya siku hizi ni feki. Inawezekana. Akaenda kulala. Analala sana mchana. Ana sukari, dawa anakunywa siku anayokumbuka.

Jumatano, 9 Julai

Nimeosha kila kitu kwa mafuta ya taa. Nimegonga vikombe vya beringi vya zamani vikatoka, nikaingiza vipya polepole, nikizunguka na patasi butu ili visikae upande. Grisi nimeisukuma kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Kazi hii naipenda, haina maneno.

Jioni nimefungua na mbele, ingawa sikupanga. Kama vya nyuma vimekwisha, vya mbele vitakuwa vumbi.

Vya mbele ni vizima. Vinene, karibu kama siku vilipotoka kwenye boksi. Sahani zinazobanwa navyo zina kutu, kama za gari lililosimama miezi.

Breki za mbele ndizo hubeba gari. Ndizo huisha kwanza. Nimekaa chini nimezitazama mpaka mbu wakanitoa. Huenda bomba la mbele limeziba. Kesho nitajua.

Jumatano, baadaye. Deo amepiga simu. Watoto wameshafunga mabegi. Mdogo anataka kukaa mbele na babu yake.

Alhamisi, 10 Julai

Asubuhi nimefunga ngoma zote mbili. Nati ya katikati nimekaza, nikarudisha nyuma kidogo, nikatia pini. Gurudumu linazunguka kimya. Nilifurahi kwa dakika chache.

Mabomba yote mazima, ya mbele na ya nyuma. Hakuna kilichoziba.

Ikabaki kutoa hewa kwenye mabomba ya breki. Kazi ya watu wawili: mmoja chini anafungua kiskurubu cha silinda, mwingine kwenye kiti anakanyaga pedali. Baba akasema atakanyaga yeye. Akaja amevaa kofia yake ya gereji. Sikuwa nimeiona tangu mazishi.

Nikalala chini, nyuma kulia. Nikasema kanyaga. Akasema, "Nakanyaga!" Nikafungua. Hakikutoka kitu. Nikafunga.

"Baba, kanyaga tena."

"Niko nakanyaga, Konsola!"

Hakikutoka kitu, hata tone. Na sikusikia pedali ikishuka. Nikatoka chini, nikaenda mbele. Mlango ulikuwa wazi. Ndala yake ilikuwa imeanguka chini, kwenye vumbi. Mguu wake ulikuwa pembeni ya pedali, kwenye sakafu tupu, anaisukuma sakafu kwa nguvu zake zote. Mishipa ya shingo imesimama. Macho mbele, kama mtu aliye barabarani.

Hakujua. Aliamini amekanyaga.

Nimeokota ndala. Nimemwambia, "Asante, Baba, imetosha." Ameshuka kwa kushika mlango. Akaniangalia, akaangalia pedali, akaenda ndani. Kofia aliivua njiani.

Hamisi amekuja kunikanyagia. Mafuta ya breki yametoka mara ya kwanza.

Sasa najua kila kitu. Kitako kuteleza pale sokoni. Vya nyuma kwisha, vya mbele kulala. Baba anasimamisha gari kwa breki ya mkono, na breki ya mkono inashika nyuma tu. Mguu umekufa ganzi, haumwambii kitu, kwa hiyo anatumia mkono. Tangu lini sijui. Mama angeona. Alikaa pembeni yake miaka yote, hakuna kitu cha Baba ambacho Mama hakukiona. Tangu amezikwa kiti kile kimekuwa kinakaliwa na mikungu ya chikichi.

Nina hasira naye. Amebeba watu hivyo. Amenibeba mimi.

Na ile ndala ya ufukweni. Hakujua imemtoka mpaka alipofika nyumbani, akaamua kuwasingizia mbwa.

Ijumaa, 11 Julai

Sijalala. Namna ya kumwambia sina. Hapa kwetu mtoto hamwambii mzazi wake kwamba hawezi. Anaweza kumpa mtu mwingine aseme, mjomba au padri, na mjomba yuko Kabonga, na Kabonga ndiko tunakokwenda. Nimefikiria kuficha ufunguo. Nimefikiria kuharibu kitu, nilegeze waya mmoja, kesho lisiwake, twende kwa basi. Ningeweza. Lakini Baba angelifungua na angeuona waya.

Mama alikuwa akisema mficha maradhi kilio humfichua. Alikuwa anamwambia Baba, kuhusu hiyohiyo sukari. Sitaki kilio. Tumetoka kwenye kimoja.

Saa nne nimetandika gunia uani, mbele ya kiti cha Baba. Nimepanga juu yake viatu vya nyuma vya zamani, vinne, na vya mbele nilivyovitoa tena kwa ajili hiyo. Nimeenda jikoni kumenya ndizi. Yeye ndiye aliyenifundisha: mwenye gari anaweza kudanganya, vipuri havidanganyi.

Nilimwona kupitia dirisha. Alikaa. Akaokota kimoja cha nyuma, akapitisha kidole gumba. Akaokota cha mbele, akapima unene kwa ukucha. Akavirudisha mahali pake, vizuri, kama nilivyovipanga. Alikaa pale mpaka kivuli kikahama.

Nilipotoka akasema, "Vya mbele bado vipya."

"Ndiyo, Baba."

Nikavirudisha vya mbele kwenye gari. Niliangusha boliti mara mbili.

Jioni Deo na familia wamefika. Kelele, samaki, watoto wamelala watatu kitanda kimoja. Deo sijamwambia. Ufunguo uko mfukoni mwa Baba. Ikiwa kesho atakaa kwenye usukani, nitasema mbele ya wote, na atanichukia, na tutakwenda kuondoa matanga ya Mama hivyo. Nimeamua.

Jumamosi, 12 Julai

Asubuhi wote wamevaa. Baba suti ya kahawia, tai. Mimi nilisimama karibu na mlango wa dereva, maneno yangu tayari mdomoni.

Alikuja akizunguka gari, akigusa kila gurudumu kwa kiganja. Akafika niliposimama. Akatoa ufunguo.

"Aliyefunga breki ndiye anayeendesha kwanza," alisema, kwa sauti ya gereji, Deo asikie. "Na watu wake wanapanda. Iko hivyo. Au unaogopa kazi yako?"

Nikasema siogopi.

Akazunguka, akakaa kiti cha Mama. Mjukuu mdogo akapanda mapajani pake.

Nimeendesha. Kigwena, michikichi pande zote, msitu, kisha Nyanza-Lac. Kila mteremko nilikanyaga mapema, taratibu, asikie breki zinavyoshika. Hazivuti pembeni. Nyuma kimya kabisa. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya breki ya mkono njia nzima, kutoka uani kwetu mpaka kwa wajomba. Hakuivuta.

Tumeondoa matanga. Mirija ya urwarwa, pombe ya ndizi, ilizunguka, mjomba alisema maneno mazuri, Baba aliambiwa sasa anaweza kucheka. Alicheka kidogo.

Kurudi hakuuliza ufunguo. Alifika gari kabla yangu akakaa palepale.

Jumatatu, 14 Julai

Deo ameondoka. Mafuta ya mota yamepatikana kidogo, presi imefanya kazi mpaka saa tano.

Nimempeleka Baba kituo cha afya. Muuguzi alimgusa nyayo na sindano butu, akamwuliza anasikia wapi. Baba alijibu kila mara, hata pale ambapo muuguzi hakuwa amegusa. Kutakuwa na dawa mpya. Kuendesha muuguzi hakukutaja, nami sikukutaja.

Tumepitia sokoni, nimemnunulia viatu vya kufunga kwa kamba, vyeusi, visivyoweza kutoka. Amekaa kwenye ngazi, nimepiga magoti, nimemvisha kimoja, kisha cha pili. Yeye alikuwa anatazama gari. Akaniambia niharakishe nimvishe, ana njaa.

Nilikuwa nimeshafunga kamba.