Mashine Isiyonijua

Kambi ya mgodi, Potosí
7 Machi 2019, mwezi wa nane tangu niondoke Caranavi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti limepoa? Na mwanangu Wara hajambo na manywele yake? Mimi mzima, ila hasira imenifika kooni.

Ruhusa ya kuja kwenye sherehe ya kumkata nywele za kwanza sijaipata. Hapa ruhusa huombwa kwenye kompyuta. Unaandika jina na neno lako la siri, nazo kompyuta zote, ya lango, ya kantini, ya ofisi, huuliza mashine moja kubwa, seva, kama inakujua. Tangu turudi kazini baada ya sikukuu ya Karnivali, haimjui mtu. Rosmery, mhandisi wetu wa kompyuta, kanipa neno jipya, ikakataa. Nikajaribu tena na tena, ikanifungia kabisa. "Don Saturnino, unabonyeza au unatwanga mahindi?" akafoka. Leo tumefukua waya wote wa seva tukidhani umekatika, yeye na kipimo chake, mimi na sururu. Waya mzima. Mgongo ndio umekatika.

Mwanao,
Saturnino

Caranavi, 10 Machi

Mwanangu,

Goti usiliulize. Wara haoni aendako kwa nywele. Jana kapamia mbuzi. Baba yake wa ubatizo, Fermín, anavuka kwenda Argentina Jumapili, na pombe ya chicha nimeshapika. Basi Jumamosi tunakata, uwepo usiwepo. Fermín ataanza, wa pili ni baba. Usipofika, mkasi nampa mjomba wake, na picha itabaki hivyo ukutani.

Hiyo mashine yenu mliinywesha nini Ijumaa ya Karnivali? Labda imelewa.

Mama yako

Kambini, 13 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, sina usingizi tu. Nilimsomea Rosmery maneno yako tucheke kidogo. Hakucheka.

"Ijumaa mliifanya nini?"

Nikamwambia: tulimmwagia Pachamama bia kizingitini, tukaivika mashine karatasi za rangi, kisha Don Wálter, mkubwa wa zamu, akaizima. Siku ya kumnywesha Mama Ardhi hata nyundo hulala. Mashine ifanye kazi peke yake, ina kosa gani?

"Mliizima! Na betri ya saa yake imekufa!"

Kumbe ilipoamka haikujua hata mwaka. Kompyuta nyingine zikiona saa yake haifanani na zao, hazipokei neno lake, zinadhani ni mwizi. Nasi tulikuwa tunatukana waya!

Rosmery akamvaa Don Wálter: "Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza waya, binti. Hukuniuliza Karnivali."

Saa imerekebishwa. Watu wanaingia, wanashangilia, wanaomba ruhusa. Wote isipokuwa mimi, kwa kule kutwanga kwangu. Jina langu bado limefungwa, na mbele ya mlango wa Rosmery kuna foleni inayofika kantini. Mkasi usimpe mjomba bado.

Mwanao,
Saturnino

Kambini, 14 Machi

Mama,

Salamu fupi, Lucho dereva anawasha lori na barua hii inatangulia naye. Rosmery alinifungulia jina akiwa na mkate mdomoni. Nikaandika polepole, kidole kimoja. Ikanijua. Don Wálter akatia sahihi ruhusa yangu bila kuniangalia usoni.

Natoka kesho na basi la jioni. Jumamosi mchana nipo mlangoni. Mkasi ufiche chini ya mto wako, na Wara mfunge nywele asiumize mbuzi mwingine.

Mwanao,
Saturnino