Dakika Tatu za Mama Neema

Jumanne, Hodge Hill, Birmingham. Manyunyu tangu asubuhi, na moyo wangu umetulia. Alhamdulillahi.

Jana nilihudhuria kikao cha serikali ya mkoa kuhusu mabasi. Kwa ugatuzi, njia za mabasi sasa hupangwa hapa hapa, si na wakubwa wa London. Katika mpango mpya, basi linalompeleka mke wangu Halima hospitali kusafishwa damu lilikuwa limeondolewa. Miguu yake haiwezi safari ya kubadilisha mabasi.

Nakiri niliingia kwa hofu. Mimi ni Msomali wa Garissa, na pasi yangu ya kusafiria ni ya Uholanzi, tulikoishi kwanza. Umoja wa Ulaya ndio uliotufungulia mlango wa kuhamia Birmingham bila kuulizwa neno. Tangu Uingereza ijitoe katika Umoja huo, kibali cha kukaa ninacho, lakini nimekuwa nikijihesabu mgeni. Na mgeni hakosoi chakula cha mwenyeji.

Kila msemaji alipewa dakika tatu.

Nilisimama kama nilivyolelewa katika chuo cha Kurani. Nikamhimidi Mola, nikamswalia Mtume, nikawasalimu wenyeji na wazee, nikawaombea viongozi hekima. Kengele ikalia.

Basi lenyewe nilikuwa sijalitaja.

Nilikaa chini. Ndipo jirani yangu Mama Neema, muuguzi Mkristo kutoka Kisumu, ambaye zamu yake ya kusema ndiyo iliyofuata, akamwomba mwenyekiti anipe mimi dakika zake. Akanigeukia: “Mzee, Mungu ameshasikia. Sasa waambie hawa!” Waliojua Kiswahili wakacheka, nami nikacheka.

Nikaeleza habari ya Halima. Mwenyekiti hakuuliza pasi yangu. Aliuliza kituo chetu kiko wapi. Leo mchana nimepigiwa simu: njia yetu itarudishwa.

Halima alimshukuru Mungu kwa machozi. Kisha akaniuliza, “Na Mama Neema, yeye alikwenda kuomba nini?”



Nilivuka barabara kumwuliza. Kumbe alitaka basi la alfajiri, kwa ajili ya wauguzi watokao zamu ya usiku, ambao hungoja gizani kwenye baridi. Hakuna aliyelisema. “Usijali, Mzee,” akaniambia, “bora Mama Halima afike hospitali.”

Ee Mola, nakushukuru kwa kunipa jirani huyu. Kikao kingine ni mwezi ujao. Nimeshaomba nafasi, nami nitaitumia yote kulisemea basi lake.